Kwa Nini si “To See”? Historia Fupi ya Vitenzi Virai vya Kiingereza na Umbo la -ing

Utangulizi

Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili alinijia ofisini akiwa ameshika karatasi yake ya mtihani wa tafsiri. Alikuwa amepungukiwa na alama mbili tu ili afaulu, na kwa sababu hiyo alitakiwa kurudia somo zima. Katika kutafsiri barua ya kikazi kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza, alikuwa ameandika “We look forward to see you”. Mimi ndiye niliyesahihisha. Nilikuwa nimechora mstari mwekundu chini ya “see” na kuandika “seeing” pembeni.

“Mwalimu,” aliniuliza kwa adabu, “wewe mwenyewe ulitufundisha kwamba ‘to’ ya Kiingereza ni sawa na ‘ku-’ yetu. ‘To see’ ni ‘kuona’. Sasa kosa langu liko wapi?”

Nilimjibu kama walimu wengi tunavyojibu: “Ndivyo Waingereza wanavyosema.” Alishukuru, akaondoka. Lakini jibu lile lilinikaa moyoni kama mwiba, kwani mimi pia, nilipokuwa natafuta nafasi ya masomo ya uzamili, niliwahi kurudishiwa barua yangu ikiwa na mstari mwekundu mahali palepale. Kizazi changu hapa Rwanda kilisoma kwa Kifaransa, na Kiingereza tulikikuta ukubwani. Tuliambiwa tukariri. Tulikariri, na tulipokuwa walimu tukawaambia wengine wakariri.

Makala haya yanakusudia kulipa deni la jibu lile. Yatafuatilia historia ya mambo mawili ya Kiingereza ambayo hukutana kila siku katika sentensi za kawaida: vitenzi virai, yaani kitenzi kifupi kinachofuatwa na kijineno kama “up”, “on”, “off” au “forward to”, na umbo la kitenzi linaloishia na “-ing”. Aidha, yataonyesha kwamba historia hiyo inamfaa mwalimu wa Kiswahili kuliko tunavyodhani.

Kijineno kilipohama

Katika Kiingereza cha Kale, yaani kile kilichozungumzwa takriban kati ya karne ya 5 na ya 11, maana nyingi ambazo leo hubebwa na vijineno zilibebwa na viambishi awali vilivyobandikwa mbele ya kitenzi. Kuteketeza kitu kwa moto hadi kiishe kulikuwa “forbærnan”; leo Mwingereza husema “burn up”. Kuacha au kuachia kitu kulikuwa “ofgiefan”. Leo ni “give up”. Hata hivyo, tayari katika kipindi hicho vijineno kama “up” na “ut” viliweza kusimama peke yake karibu na kitenzi.

Mambo kadhaa yalibadili hali hiyo. Kwanza, viambishi awali vile havikuwa na mkazo katika matamshi. Kadiri vizazi vilivyopita vilififia na maana zake zikasahaulika. Pili, kuanzia karne ya 9 watu wa Skandinavia walihamia na kuishi mashariki na kaskazini mwa Uingereza. Lugha yao ilikuwa jamaa ya Kiingereza, nayo ilikuwa imekwisha kupoteza viambishi vingi vya aina ile na kutumia vijineno baada ya kitenzi. Kitenzi “take”, ambacho leo huzaa “take up”, “take off” na “take over”, kilitoka kwao. Wataalamu hawakubaliani juu ya ukubwa wa athari hiyo, lakini hakuna shaka kwamba lugha hizo mbili ziliishi nyumba moja.

Kuna ushahidi mzuri katika tarehe zilizoandikwa na watawa wa Peterborough, ambazo zinakoma katika mwaka wa 1154. Mwandishi anasimulia jinsi Mfalme Stephen alivyomkamata Askofu Roger wa Salisbury pamoja na jamaa zake, tukio lililotokea mwaka 1139, akawafunga gerezani mpaka walipoachia ngome zao. Hapo mtawa yule hakutumia kitenzi chenye kiambishi awali. Alitumia kitenzi “give” kikifuatwa na “up”. Tuishike ngome hiyo akilini, maana tutairudia.

Tatu, baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, maneno mengi ya Kifaransa yaliingia, na baadaye mengine ya Kilatini. Matokeo yake ni kwamba Kiingereza kina ngazi mbili kwa maana ileile. Kwenye waraka wa ofisi utakuta “continue”, “abandon” na “postpone”. Nyumbani na sokoni utasikia “carry on”, “give up” na “put off”. Hii ndiyo sababu sisi tuliosoma kwa Kifaransa huona Kiingereza cha vitabuni kuwa rahisi kuliko cha barabarani. “Continuer” inatupeleka moja kwa moja kwenye “continue”, lakini hakuna neno la Kifaransa litakalotushika mkono hadi “carry on”.

Viambishi viwili vilivyovaa nguo moja

Tugeukie sasa umbo la “-ing”. Wanafunzi wetu huliona kama kitu kimoja, kumbe zamani vilikuwa vitu viwili tofauti.

Kiambishi cha kwanza kilikuwa “-ung” au “-ing”. Kazi yake ilikuwa kuunda nomino kutokana na kitenzi: “leornung” ilikuwa kujifunza au elimu, na “huntung” ilikuwa uwindaji. Zilikuwa nomino kamili, kama “usomaji” na “uwindaji” zilivyo nomino katika Kiswahili. Kiambishi cha pili kilikuwa “-ende”. Hiki kilionyesha mtu akiwa katika tendo: “singende” ilimaanisha “akiimba” au “mwenye kuimba”.

Katika Kiingereza cha Kati, “-ende” ilitamkwa kwa namna mbalimbali kufuatana na eneo: kaskazini “-and”, katikati “-ende” na kusini “-inde”. Kuanzia karne ya 12 hivi, “-inge” ilianza kuingia katika nafasi ya “-inde”. Sababu inayotajwa mara nyingi ni kwamba sauti hizo zilikaribiana. Kufikia karne ya 15 sehemu kubwa ya Uingereza ilikuwa inatumia “-ing” kwa kazi zote mbili. Nguo moja ikawa inavaliwa na watu wawili.

Wakati huohuo, ile nomino ya “-ing” nayo ilikuwa inabadilika tabia. Hapo mwanzo haikuweza kuchukua yambwa moja kwa moja. Ilihitaji kiunganishi, kama sisi tunavyosema “usomaji wa vitabu” na si “usomaji vitabu”. Taratibu, hasa kuanzia karne ya 14, ikaanza kuchukua yambwa kama kitenzi: “reading books”. Ikawa kiumbe cha nusu kwa nusu, nomino kwa nje na kitenzi kwa ndani. Kwa muda mrefu watu walichanganya miundo hiyo miwili bila wasiwasi, hadi Robert Lowth alipochapisha sarufi yake mwaka 1762 na kuagiza kwamba mtu achague mmoja: ama “by the reading of books” ama “by reading books”. Kile walichokuwa wakikiandika hata watunzi wakubwa kiligeuka kuwa kosa.

Mahali zinapokutana

Sasa turudi kwenye ngome za Askofu Roger. Katika “give up”, kile kinachoachwa hukaa katika nafasi ya nomino. Mtu huachia ngome, huachia shamba, huachia kazi. Baada ya nomino ya “-ing” kupata nguvu za kitenzi, nayo iliingia bila taabu katika kiti kilekile: “give up smoking”. Hapa “smoking” imekaa mahali pa ngome. Hali ni hiyohiyo kwa “put off paying”, kuahirisha kulipa, na “take up farming”, kuingia katika kilimo.

Jambo la pili linahusu vihusishi. Kihusishi cha Kiingereza hutaka nomino baada yake. Basi kitenzi kinapotaka kukaa baada ya kihusishi, huja kimevaa “-ing” ili kipokelewe kama nomino: “think about leaving”, “without speaking”. Hapa ndipo Kifaransa kinapotuponza, kwa kuwa Kifaransa huweka kitenzi-jina chake baada ya kihusishi: “sans parler”, “arrêter de fumer”. Mwanafunzi aliyelelewa katika mfumo huo huandika “without to speak” kwa moyo mweupe kabisa.

Sasa ile “to” iliyomponza mwanafunzi wangu. Katika Kiingereza cha Kale, “to” ilikuwa kihusishi tu, chenye maana ya kuelekea mahali au jambo. Iliweza kuwekwa pia mbele ya umbo maalumu la kitenzi lililoishia na “-enne”, kama “to singenne”, yaani kuelekea kuimba au kwa ajili ya kuimba. Baadaye “-enne” ilidondoka, na “to” ya mahali hapo ikapoteza maana ya kuelekea, ikabaki alama ya kitenzi-jina: “to sing”. Lakini “to” ya zamani haikufa. Iliendelea na kazi yake ya uhusishi kwingineko, na mojawapo ya makao yake ni “look forward to”. Anayesema hivyo anaelekeza macho mbele, kuelekea jambo fulani. Jambo hilo ni nomino, na likiwa tendo, litavaa “-ing”.

Kwa hiyo kuna “to” mbili zinazofanana sura. Darasani natumia kipimo kimoja rahisi. Weka nomino ya kawaida baada ya “to”. Ukiweza kusema “I look forward to the holiday”, basi hiyo ni “to” ya zamani na kitenzi kitakachofuata kitachukua “-ing”. Ukijaribu “I want to the holiday”, sentensi inavunjika. Basi hiyo ni alama ya kitenzi-jina, na kitenzi kitabaki kitupu: “I want to see”. Kipimo hiki hakihitaji kukariri orodha.

Si sisi wa kwanza kusumbuka

Mwanafunzi asidhani kwamba ugumu huu ni wa Waafrika peke yao. Samuel Johnson alipotoa kamusi yake mwaka 1755, yenye maneno yapatayo 42,000, alieleza katika dibaji kwamba tabia ya Kiingereza kubadili maana ya kitenzi kwa kukiongezea kijineno huwapa wageni taabu kubwa kuliko zote, akasema amejitahidi kuikusanya miundo hiyo. Hata hivyo, miundo hiyo ilikaa muda mrefu bila jina linalokubalika. Jina lake la Kiingereza, “phrasal verb”, lilienezwa na Logan Pearsall Smith katika kitabu chake cha mwaka 1925, naye alieleza kwamba alilipata kwa Henry Bradley, mmoja wa wahariri wa kamusi kubwa ya Oxford.

Miaka mitano baadaye, mwaka 1930, C. K. Ogden alitangaza Kiingereza chepesi cha maneno 850 kwa ajili ya watu wa dunia nzima. Alipunguza vitenzi hadi vichache mno, kama “come”, “get”, “give”, “go”, “keep”, “put” na “take”. Pengo lililobaki alilijaza kwa vitu viwili: vijineno vya kuambatana na vitenzi hivyo, na viambishi, mojawapo kikiwa “-ing”, vya kubandikwa kwenye nomino 300. Kwa maneno mengine, ili kumrahisishia mgeni, alimpa yaleyale mawili ambayo humsumbua zaidi. Maneno 850 yanaonekana machache, lakini “give” na “up” ukizijua mbali mbali, hazikwambii kwamba pamoja ni “acha”. Winston Churchill aliusifu mpango huo katika hotuba yake Harvard mwaka 1943, lakini baadaye mpango wenyewe ulififia.

Msaada wa kudumu zaidi ulitoka kwa mwalimu wa darasani. A. S. Hornby, aliyekwenda Japani mwaka 1924 kufundisha Kiingereza, alitambua kwamba mwanafunzi hahitaji maana ya kitenzi tu. Anahitaji kujua pia umbo linalofuata baada yake. Yeye na wenzake wawili, E. V. Gatenby na H. Wakefield, walitunga kamusi iliyochapishwa Tokyo mwaka 1942, na Oxford wakaitoa tena mwaka 1948. Humo vitenzi vilipangwa kwa miundo 25 yenye nambari, ikiwamo ile ya kitenzi kinachofuatwa na “-ing”. Kamusi hiyo ilizaliwa kutokana na makosa ya wanafunzi. Nafikiri hilo ni fundisho kwetu: mstari mwekundu ulioandikwa mara mia ni mwanzo wa utafiti.

Yanatuhusuje sisi wa Kiswahili?

Huenda msomaji akauliza kwa nini jarida la idara ya Kiswahili lijishughulishe na mambo haya. Sababu ni kwamba wanafunzi wetu hawaji darasani mikono mitupu. Tangu mwaka 2008 serikali ya Rwanda ilipoamua kwamba Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia, vijana wengi wamekuwa wakikifikia Kiswahili kwa kupitia Kiingereza. Kiswahili kilipofanywa lugha rasmi hapa mwaka 2017, haja ya wafasiri iliongezeka, na makosa nayo yakaonekana zaidi. Mwanafunzi yuleyule aliyeandika “to see” alikuwa ameandika, katika swali la pili, “Tunatazama mbele kukuona”. Kisa kingine ni cha yule aliyetafsiri “she burst out laughing” kuwa “alipasuka nje akicheka”. Mswahili angesema “aliangua kicheko”, na mambo yakaisha.

Yako mambo matatu ambayo historia hii inatupa.

Kwanza, “-ing” haina tafsiri moja, kwa sababu asili yake ni mbili. Ile iliyotokana na nomino huja kwa Kiswahili kama kitenzi-jina chenye “ku-”: “give up smoking” ni “kuacha kuvuta sigara”, “carry on working” ni “kuendelea kufanya kazi”. Ile iliyorithi kazi ya “-ende” mara nyingi huja na “-ki-”: “she went off singing” ni “aliondoka akiimba”. Kiingereza kilivisha vyote viwili nguo moja. Kiswahili hakikufanya hivyo. Na mwanafunzi Mnyarwanda anayo tofauti hiyo tayari nyumbani kwao. Husema “kureka kunywa itabi” na “gukomeza kugenda” kwa vitenzi-jina, lakini husema “yagiye aririmba” kwa aliyeondoka akiimba. Tumwonyeshe alichonacho kabla ya kumpeleka Uingereza.

Pili, kile ambacho Kiingereza kilikipata baada ya karne nyingi, kitenzi-jina chetu kinacho bila makuu. “Kusoma” ni nomino, ndiyo maana twasema “kusoma kwake kunanifurahisha”. Ni kitenzi pia, ndiyo maana huchukua yambwa, “kukisoma kitabu”, na ukanushi, “kutosoma”. Hata huunganisha yote, “kukisoma kwake kitabu hicho”, wala hakuna Lowth wa kutukataza.

Tatu, kazi ambayo Kiingereza huifanya kwa kijineno, Kiswahili huifanya kwa njia zake. Mara nyingine hutumia mnyambuliko: “funga” na “fungua”, “maliza” na “malizia”. Mara nyingine huoanisha kitenzi na nomino: “kukata tamaa”, “kukata rufaa”, “kupiga simu”, “kupiga pasi”, “kupiga kura”. Mgeni anayejifunza Kiswahili hulia kwa ajili ya “piga” kama sisi tunavyolia kwa ajili ya “give”. Hakuna kinachopigwa katika “kupiga kura”, na “up” ya “give up” haipandi popote. Kwa hiyo mfasiri asitafute kijineno cha kuweka badala ya kijineno. Aulize: Waswahili, wakiwa katika hali hii, husema nini? Kwa “look forward to seeing you” watasema “tunasubiri kwa hamu kukuona” au “tunatarajia kukuona”. Kwa “we ended up paying” watasema “tuliishia kulipa”.

Hitimisho

Kuna mwenzangu mmoja aliyesoma rasimu ya makala haya akanipinga. Alisema: ikiwa Waingereza wenyewe walichanganya “-inde” na “-inge”, na lugha yao haikufa, kwa nini tumwangushe mtoto wa watu kwa sababu ya “to see”? Hoja yake ina uzito. Lugha hubadilishwa na wanaoitumia, na kosa la leo laweza kuwa kanuni ya kesho. Lakini mabadiliko yale yalifanywa na jamii nzima kwa karne kadhaa, nao walielewana. Mwanafunzi wetu anapeleka barua kesho asubuhi kwa mtu atakayempima kwa kanuni za leo. Tukimficha kanuni hizo kwa huruma, tutakuwa tumemnyima mlango.

Kile ambacho sikuwa na haki ya kukifanya ni kumpa alama ya kosa bila sababu ya kosa. Alirudia mtihani akafaulu, na sasa naye ni mwalimu wa sekondari. Nilimpelekea makala haya kabla ya wasomaji wengine. Alinijibu kwa ujumbe mfupi wa simu kwamba wiki hiyohiyo mwanafunzi wake alikuwa amemuuliza swali lilelile kuhusu “to”, naye alikuwa amekwisha kumjibu: “Ndivyo Waingereza wanavyosema.” Jumatatu, alisema, angerudi darasani na kile kipimo cha nomino, aanze upya.